Bledi kuukuu za msumeno usitupe, zinatoa patasi nzuri za kukerezea

Wenzangu mnaokereza mbao, yaani kuichonga ikizunguka kwenye mashine, iwe miguu ya vitanda, nguzo za ngazi au vitu vidogo vya mpingo, najua kilio chetu ni kimoja, patasi za dukani bei haishikiki na hata ukiwa na hela unaweza kuizunguka Kariakoo nzima usipate ile unayoitaka. Chuma kizuri cha kutengenezea patasi kipo kwenye karakana za vyuma, kinatupwa kwenye skrepa, na fundi ukimuomba vizuri anakupa kwa hela ya soda.

Naongelea bledi za ule msumeno mkubwa wa mashine unaokatia nondo na mabomba mazito, sio hekso ya mkono, ile ni nyembamba mno. Nyingi ni chuma cha haispidi, kile kile cha biti nzuri za drili, kina tangsteni au molibdeni ndani yake na hakipotezi ugumu mpaka kifike kama digrii 600. Sasa linganisha na chuma cha kaboni, hicho kikigeuka bluu tu kwenye grainda, hapo ni kama digrii 300, ujue pameshalainika na itabidi usage sehemu yote iliyogeuka rangi ndo upate ukali unaokaa. Haispidi ikibadilika rangi kidogo endelea na kazi, ila ikiwa ya moto sana usiitumbukize kwenye maji, inaweza kuweka nyufa ndogo ambazo hata huzioni.

Utaijuaje? Angalia cheche. Chuma cha kaboni kinatoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama fataki, haispidi cheche zake ni chache, rangi ya chungwa iliyofifia, hazipasuki sana. Na hapa kuwa makini, gusisha grainda kwenye meno halafu na kwenye mgongo wa bledi, kama cheche ni tofauti basi hiyo ni ya vyuma viwili, haispidi ipo kwenye meno tu, achana nayo.

Ukishapata yenyewe, patasi ya kwanza kutengeneza ni ya kukatia, ile ya kutenganishia kipande. Bledi unaisimamisha kwa ubavu, unene wake wa milimita 2 hivi ndo upana wa mkato, hupotezi mbao, na kwa mpingo ulivyo ghali hilo sio jambo dogo. Saga meno yote yaishe maana yatakwaruza egemeo la mashine, pale patasi inapolala ukikata, na mkono wako, kisha noa mwisho wake uwe na ncha iliyochongoka. Usihangaike kutoboa, biti ya kawaida haiingii kabisa, tumia lile tundu lililokuja na bledi, ibane katikati ya vipande viwili vya mninga kwa bolti na gundi ya epoksi.

Kwa patasi ya kukwangulia tafuta visu vya mashine ya randa vilivyoliwa, vya haispidi, unene milimita 3. Makali yake yawe wima wima, digrii 70 mpaka 80, na ukitoka kwenye grainda usiyafute, kile kiukingo kidogo cha chuma kilichojikunja juu ya makali ndo kinachokata. Kwenye mpingo inatoa unga laini na uso unang'aa kabla hata ya msasa. Ila milimita 3 ni nyembamba, egemeo lisogeze karibu kabisa na mbao, usiitoe nje sana ikaanza kutetemeka. Kuchimba bakuli refu kwa ndani hapana, hiyo inataka chuma kinene.

Na jamani TUPA kuukuu msitumie, nawaomba sana. Najua wengi wanafanya, lakini tupa ni ngumu na ni kavu, mbao ikiidaka inavunjika na kipande kinarukia usoni. Miwani pia vaa muda wote, na unaposaga bledi usisimame usawa wa jiwe.

Ukipunguza upana wa kisu cha randa ili mkia uingie kwenye mpini, pale kwenye bega, upana unapopungua, acha mviringo, usikate kona kali, ufa huanzia hapo hapo. Mpini uwe na pete ya bomba la shaba mdomoni, na usiufanye mfupi, sentimita 30 hivi ili mkono mmoja ubaki nyuma kabisa ukiishikilia patasi isiruke.