Weusi wa Kwapani na Kwenye Kinena Baada ya Kunyoa

Weusi unaobaki kwapani na kwenye kinena baada ya kunyoa si uchafu, na kuusugua kwa dodoki ni kuuongeza. Wembe unapoikwaruza ngozi, au unywele uliokatwa unapojikunja na kuichoma kutoka ndani, ngozi huvimba, nazo seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, humwaga rangi nyingi kuliko kawaida mahali hapo. Wenye ngozi nyeusi na nywele za kipilipili ndio wanaosumbuliwa zaidi.

Kwa hiyo kinachotangulia ni kuuzuia muwasho, rangi ihangaikiwe baadaye. Mimi kinena sikinyoi tena kwa wembe. Natumia mashine ndogo ya kupunguzia nywele na kuziacha fupi tu, kwa kuwa unywele usiokatwa hadi usawa wa ngozi si rahisi kurudi ndani. Vipele vilikoma mapema, lakini weusi wenyewe ulififia polepole, kwa miezi, na anayekuahidi wiki moja anakuuzia maneno. Asiyetaka kuachana na wembe aoge kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili nywele zilainike, apake jeli ya kunyolea, kisha apitishe wembe mkali kufuata nywele zinakoelekea, bila kuivuta ngozi wala kurudia palepale mara nyingi. Akimaliza, ajikaushe kwa kugusagusa taulo na kupaka losheni isiyo na manukato; deodoranti yenye spiriti isubiri hadi kesho yake. Nguo ya ndani inayobana pia huendeleza msuguano, hata kama kunyoa kulikwenda vizuri.

Krimu za kuondoa nywele huyeyusha unywele kwa kemikali inayoweza kuunguza ngozi pia, hivyo zijaribiwe kwanza mahali padogo, na zisifike kabisa kwenye ngozi laini ya ndani ya sehemu za siri.

Limau na magadi, ambavyo kila mtu huvipendekeza, huichokoza upya ngozi iliyokwisha kuchokozwa. Mkorogo ni hatari zaidi: baadhi yake una zebaki, inayodhuru figo, au steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, ambazo kwenye mikunjo ya mwili hunyonywa kwa wingi, zikaifanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Vipo vipakwa vya upole zaidi vya kufifisha weusi, kama vile niasinamaidi na asidi ya azelaiki, ila navyo visipakwe siku ya kunyoa, na vikichoma viachwe.

Hata hivyo, si kila weusi wa kwapani umeletwa na kunyoa. Ngozi ikiwa nene na nyororo kama mahameli, hasa ikiwa shingo nayo imeingia weusi, nenda ukapime sukari, kwa sababu hali hiyo mara nyingi huambatana na mwili kushindwa kuitumia insulini ipasavyo. Doa lenye ukingo unaoonekana, linalowasha na kubanduka magamba, huenda likawa fangasi. Fangasi wana dawa yao, na wembe usipite hapo mpaka ngozi ipone.