Kocha, ligi ikisimama usirudi nyumbani na filimbi

Nafundisha timu ya soka ya mkoani, familia yangu iko Kimara. Mzunguko wa kwanza ukiisha napanda basi kurudi Dar, na kuna jambo moja ambalo natamani makocha vijana walisikie mapema: mapumziko ya katikati ya msimu huharibika siku ile ile unapoingia ndani na kuanza kutoa maelekezo.

Tangu Agosti nyumba imejiendesha bila wewe. Mama watoto anajua nani haamki mpaka aitwe mara tatu, anajua mama wa genge anakopesha hadi lini, anajua fundi bomba yupi akipigiwa anakuja kweli. Halafu unatokea wewe, umetoka kambini ambako ukipuliza filimbi kila mtu anasimama, unataka kujua kwa nini watoto wanalala saa nne usiku. Pengine una hoja. Lakini ni timu gani mtu anaingia leo, kesho anapangua kikosi? Siku za mwanzo mimi nina swali moja tu kwa mke wangu: "Kesho kuna nini, na mimi nishike lipi?" Akisema mtungi wa gesi umeisha, naubeba. Akisema nibaki na watoto yeye akalale kwa dada yake Mbagala, hilo nalipokea kwa mikono miwili, maana tangu msimu uanze yeye hajapata hata siku moja ya mapumziko. Suala la saa nne usiku huja lenyewe baadaye, na unaweza kukuta maji yanatoka usiku na hao watoto wakubwa ndio wanaokinga.

Usiwaahidi watoto mwezi mzima. Ratiba zetu zinahama. Mnakumbuka CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyokuwa ianze Februari 2025: katikati ya Januari shirikisho la soka Afrika, CAF, likaisogeza hadi Agosti, na ratiba za ligi huku nazo zikapangwa upya. Mimi naahidi siku. Nikisema Jumamosi hii tunaenda ufukweni Coco, tunaenda, hata kama mwenyekiti ameitisha kikao.

Simu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu dirisha dogo la usajili, kipindi cha kusajili wachezaji katikati ya msimu, linaangukia humo humo kwenye mapumziko. Wakala anakutumia video ya mshambuliaji wakati mnanawa mikono ili mle. Wanaokushauri uzime simu kabisa hawaijui kazi hii. Ukizima, utarudi ukute umesajiliwa mchezaji usiyemhitaji. Weka saa. Zangu ni asubuhi, saa tatu hadi saa tano, na benchi la ufundi na uongozi wote wanazijua. Programu binafsi za wachezaji nazitoa kabla hatujavunja kambi, maana mchezaji asipokimbia pumzi hushuka haraka, na kocha msaidizi ndiye anayezifuatilia. Baada ya saa tano simu inalala chumbani.

Fedha nazo zipangwe kabla hujapanda basi. Januari ni ada, sare na michango, na kama klabu inachelewesha mshahara mwambie mwenzako mapema, asije akalisikia mlangoni kwa mwenye nyumba.

Shule zikiwa zimefungwa, kazi za kawaida ndizo zinazokurudisha kwa watoto kuliko mtoko mkubwa. Nilikwenda na binti yangu Kariakoo kununua vitu vya shule. Tulipanda basi la mwendokasi Kimara hadi Gerezani, tumesimama njia nzima, na tulipofika Magomeni akaniambia mwalimu wao wa hesabu alihama na tangu hapo haelewi kitu darasani. Miezi yote hiyo nilikuwa nauliza kwenye simu, "Shule vipi?" naye anajibu, "Nzuri, baba." Dukani akavaa kiatu, akabonyeza ncha kwa kidole gumba kuona kama imebaki nafasi ya kukulia, kama mama yake anavyofanya. Muuzaji alinitambua, akataka tubishane Simba na Yanga. Nikamwambia, "Leo nimekuja na mwanangu, kaka." Akaelewa. Tuliporudi nikaanza kumtafutia mwalimu wa tuisheni.

Kabla ya kurudi kambini, kaeni na mwenzako mwandike kwenye karatasi moja mechi za mzunguko wa pili pamoja na mambo ya nyumbani: mitihani, kliniki ya mtoto, harusi ya shemeji. Mtaona wenyewe palipo na upenyo. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, mechi ya Morogoro au Dodoma inaweza kukupa usiku mmoja nyumbani ukiruhusiwa kuachana na msafara. Ruhusa hiyo iombe mapema, uongozi ukiwa bado hauna presha ya matokeo.