Maiki ikigoma kwenye Linux: kwa vijana mnaoanza field

Mteja akiweka laptopu mezani na kusema maiki imekufa, msimbishie, lakini msimwamini pia. Maiki za ndani ya laptopu hufa kwa nadra. Tunachokutana nacho sana hapa Moshi ni maiki iliyo hai ambayo imezimwa mahali fulani: na mwenyewe bila kujua, na mtoto aliyechezea kibodi, na sasisho la mfumo, au na programu yenyewe. Mteja akiona unakuna kichwa atakwambia, "Fundi, kwani usipige tu Windows?" Wapo mafundi wanaokubali. Windows inapigwa, maiki inaamka, na hakuna aliyejua ilikuwa na nini. Kwenye meza yangu hilo ni mwiko, maana mwenye Linux ameichagua, au basi ana kazi zake humo ambazo hajazihifadhi popote pengine.

Jambo moja ndilo ninalowataka mlishike: msirekebishe chochote kabla hamjajua sauti imeishia wapi. Sauti kwenye Linux hupanda ngazi kwa ngazi. Chini kabisa kuna maiki na chipu ya sauti. Juu yake kuna ALSA, iliyo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), nayo ndiyo inayoongea na chipu. Juu ya ALSA kuna seva ya sauti, inayogawa sauti kwa programu: zamani PulseAudio, siku hizi PipeWire. Fedora ilihamia PipeWire mwaka 2021 kwenye toleo la 34, Ubuntu ikafuata kwenye 22.10, na Linux Mint kwenye toleo la 22 mwaka 2024. Juu kabisa kuna kivinjari, Zoom au chochote anachopigia simu. Kila ngazi ina swichi yake ya kuzima, na swichi ya ngazi moja inaweza kuwa imezimwa huku ya ngazi nyingine ikionekana imewashwa. Waliokulia mlimani wanajua: mfongo, yaani mfereji wa maji, ukikauka shambani kwako huchimbi mwingine, unaufuata kwenda juu mpaka uone palipozibwa.

Anzeni na macho, amri baadaye. Tazameni kibodi kama kuna kitufe chenye picha ya maiki iliyokatwa mstari. Kwenye ThinkPad nyingi kiko F4, na kikiwa kimezima maiki kinawaka kitaa kidogo ambacho mteja amekiona muda wote akadhani ni urembo. Laptopu nyingine zina swichi ya kusukuma ubavuni. Kisha chomoeni chochote kilicho kwenye tundu la hedifoni. Plagi ya hedifoni zenye maiki ina duara tatu nyeusi, zisizo na maiki zina mbili. Mteja akichomeka zile za mbili, mfumo unaweza kuhamia kwenye maiki ya hedifoni ambayo haipo, na kuiacha ya ndani ikisubiri bure.

Sasa fungueni terminali:

arecord -l

Hii inaorodhesha kadi zote zinazoweza kurekodi, pamoja na namba ya kadi na namba ya kifaa. Orodha ikiwa tupu, msihangaike na seva wala kivinjari, tatizo liko chini. Huenda maiki imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), na hilo si ajabu kwa mashine zilizowahi kutumika kwenye ofisi zenye masharti ya usalama. Au inakosekana firmware, programu ndogo inayokiendesha kifaa chenyewe. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zina maiki za kidijitali zinazohitaji firmware iitwayo SOF. Kwenye Debian kifurushi chake ni firmware-sof-signed, kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware. Amri ya sudo dmesg | grep -i sof itawaonyesha kama kerneli inalalamika kwamba imelikosa faili.

Orodha ikiwa na kitu, rekodini moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Hapa ndipo wageni wengi wanapojidanganya. Wanaandika arecord bila kutaja kadi, wakidhani wanapima ALSA, kumbe kwa kawaida sauti hiyo inapitia PipeWire kama programu nyingine yoyote. Tajeni kadi kwa namba mlizoziona kwenye orodha:

arecord -D plughw:0,0 -f cd -d 5 jaribio.wav
aplay jaribio.wav

Sekunde tano zinatosha. Semeni kitu, si kupuliza tu, kwa sababu kupuliza kunasikika hata maiki ikiwa hafifu. Mkijibiwa kwamba kifaa kinatumika, fungeni kivinjari na pavucontrol (dirisha la kupanga sauti za seva) kwanza, maana pavucontrol huishika maiki ili ionyeshe kipimo cha sauti. Kisha rudieni arecord bila -D. Ikiwa ya kwanza ina sauti na ya pili haina, seva ndiyo yenye neno. Zote mbili zikiwa kimya, shukeni ALSA. Zote mbili zikisikika, pandeni kwenye programu.

Kwenye ALSA chombo ni alsamixer. Ikifunguka ikiwa na nguzo moja au mbili tu, hiyo ni sura ya seva, si ya kadi. Bonyezeni F6 mchague kadi yenyewe, halafu F4 ili mwone upande wa kurekodi. Nguzo inayorekodi ina neno CAPTURE chini yake kwa rangi nyekundu. Ikiwa ina vistari tu, simameni juu yake mbonyeze kitufe cha nafasi. Herufi MM maana yake imezimwa, nanyi mtabonyeza M kuifungua. Kuna pia nguzo inayoitwa Mic Boost au Internal Mic Boost. Kijana akiona sauti ni ndogo anaipandisha mpaka juu, halafu anashangaa wateja wanalalamikia mvumo. Ipandisheni hatua moja, mpime, ndipo mwongeze. Mkimaliza, sudo alsactl store huhifadhi mlichokiweka.

Kwenye seva, amri ninayoipenda kuliko zote ni hii:

pactl get-default-source

Jina likiishia na .monitor, mfumo haurekodi maiki, unarekodi kinachotoka kwenye spika. Mteja akicheza muziki upande wa pili wanasikia muziki, akiongea hawasikii kitu, naye anaapa kwamba maiki "inachagua". Orodhesheni kwa pactl list sources short, mchague iliyo sahihi kwa pactl set-default-source pamoja na jina lake. Kuiwasha ni pactl set-source-mute @DEFAULT_SOURCE@ 0. Kwenye PipeWire kuna pia wpctl status, inayochora kila kitu kwa mpangilio, ikiweka nyota kwenye chaguo la sasa na neno MUTED kwa kilichozimwa. Msiweke sudo mbele ya pactl. Seva ni ya mtumiaji aliyeingia, na kama root, msimamizi mkuu wa mfumo, mtaambiwa tu muunganisho umekataliwa, kisha mtaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Hedifoni za Bluetooth nazipitia haraka: zikiwa kwenye A2DP, hali ya muziki, zinapiga muziki vizuri bila maiki, na ili maiki ifanye kazi lazima zihamie HFP au HSP, hali za simu, ambako muziki unakuwa kama wa redio ya zamani. Si ubovu.

Ngazi ya juu ndiyo yenye vituko. Dada mmoja wa ofisi ya kupandisha wageni mlimani alikuja na laptopu ambayo kila kipimo kilikuwa safi. Kirekodi kinarekodi, mipangilio inaonyesha sauti ikicheza, lakini kwenye simu zake na wageni hakuna anayemsikia. Nilimwomba apige simu ya majaribio kwenda kwenye simu yangu, nikafungua pavucontrol kwenye ukurasa wa Recording wakati simu inaendelea. Wakati huo ndio muhimu, kwa sababu ukurasa ule huonyesha tu programu zinazorekodi sasa hivi, mkiufungua bila simu mtaukuta mtupu. Programu yake ilikuwa pale, na kidude chake cha kuzima kimebonyezwa. Seva hukumbuka kila programu ilivyoachwa, kwa hiyo ukiizima mara moja inaweza kurudi imezimwa kila ukiifungua, hata baada ya kuwasha mashine upya. Kubonyeza mara moja kulitosha. "Ndiyo hiyo tu?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha jiandaa kulipa.

Kwa vivinjari, tazameni pia ruhusa karibu na anwani ya tovuti, na maiki gani imechaguliwa ndani ya mkutano wenyewe. Kwenye Ubuntu Firefox huja kama snap, kifurushi kilichofungiwa peke yake, nayo ina kizuizi chake. Amri snap connections firefox itaonyesha kama audio-record imeunganishwa. Kama haijaunganishwa, sudo snap connect firefox:audio-record.

Lipo tatizo moja ambalo likiwakuta mtaapa kuna uchawi. Mnarekodi kwa stereo, mnasikia vizuri. Mnapiga simu, kimya au sauti ya mbali. Baadhi ya laptopu zina maiki ambayo chaneli zake mbili ziko kinyume: wimbi likipanda kushoto, kulia linashuka. Programu za simu huunganisha chaneli mbili kuwa moja, na mawimbi yanafutana. Kulithibitisha, rekodini tena mkiweka -f S16_LE -r 48000 -c 1 badala ya -f cd, na sauti itatoweka. Dawa ni kufungua kufuli la chaneli kwenye pavucontrol, ukurasa wa Input Devices, na kuishusha ya kulia hadi sifuri. Inayobaki inatosha kabisa kwa mazungumzo.

Mkiwa mmepita kote na bado kimya, chomekeni maiki ya USB na mrudie hatua zilezile. Ikifanya kazi papo hapo, mfumo ni mzima na maiki ya ndani ndiyo yenye hitilafu. Kwenye laptopu nyingi iko kwenye fremu ya skrini karibu na kamera, na waya wake unapita kwenye bawaba, kwa hiyo mashine yenye bawaba iliyolegea mwanzeni nayo hapo. Mwambieni mteja bei ya kufungua kabla hamjashika bisibisi, na mwambieni pia bei ya maiki ya USB, achague mwenyewe.