Re: Mchezo gani mpya wa kuigiza mezani unamfaa kiongozi asiye na muda wa kuandaa?

Mkuu, kwa hali uliyoeleza, ya kuongoza mchezo (wewe ukisimulia hadithi, wenzako wakiigiza wahusika) bila muda wa maandalizi, mimi ningeanza na Daggerheart ya Darrington Press, iliyotoka Mei 2025. Mchezaji anarusha dadu mbili za pande 12, moja ya Tumaini, nyingine ya Hofu. Ya Hofu ikiwa juu, wewe unapata alama ya Hofu hata kama yeye amefaulu. Unaziweka akiba, kisha unazitumia kuwachafulia hali ya hewa: adui wanaongezeka, daraja linakatika. Angalizo tu, mapigano hayana zamu maalumu, hivyo waongeaji watawameza wapole usipokuwa macho. Kanuni za msingi zinapakuliwa bure.

Shadowdark ni ya 2023, lakini bado naipigia debe. Humo mwenge unaowamulikia wahusika gizani unawaka saa moja ya kweli, ile ya ukutani. Wakipiga porojo, giza linawakuta papo hapo, na wewe hujaandaa chochote!

Draw Steel ya kampuni ya MCDM iache kwanza, labda kama wenzako wanapenda mapigano marefu ya kupanga mbinu kwenye ramani. Mko wangapi mezani?