Mkibishana Majibu ya Ufahamu Baada ya Mtihani

Wadogo zangu mnaoanza kujiandaa kwa mitihani ya kimataifa ya lugha, ubishi wa majibu ya ufahamu hamtaukwepa. Mtatoka tu chumbani, mmoja atauliza, "Lile swali la kichwa cha habari mlijaza nini?" na papo hapo mtakuwa makundi mawili. Sitawakataza. Nimekaa na vikundi vya watahiniwa muda mrefu na sijaona zoezi linalonoa usomaji kuliko ubishi uliofanywa vizuri. Tatizo ni kwamba ubishi mwingi haufanywi vizuri. Watu wanagombania dunia ilivyo, wakati swali liliuliza kifungu kilisema nini.

Kwanza mjue mpaka uko wapi. SAT (mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani), IELTS na TOEFL (mitihani ya kupima Kiingereza) hukutaka ukubali masharti ya kutotoa maswali nje, na anayeyavunja anaweza kufutiwa matokeo. Hapo hakuna cha kubishana. Pelekeni moto wenu kwenye mitihani ya zamani iliyotolewa rasmi na majaribio ya mazoezi. Hata bila masharti hayo, ubishi wa mlangoni ni wa kubahatisha, kwa kuwa hakuna mwenye karatasi mkononi. Neno kama "isipokuwa" au "hasa" likidondoka njiani, mnajadili swali jingine kabisa. Tena kwenye SAT ya kompyuta, nusu ya pili ya usomaji hupangwa kulingana na ulivyofanya nusu ya kwanza, kwa hiyo wewe na jirani yako huenda hamkuona maswali yaleyale.

Sasa tuje kwenye chanzo kikuu cha ugomvi: maswali ya Kweli, Si kweli, Haikutajwa, ambapo unapewa dai na kuamua kama kifungu kinalikubali, kinalipinga au hakilisemi. Anayejiandaa na IELTS, yenye maswali 40 ya usomaji kwa dakika 60, atakutana nayo mapema. Chukueni sentensi hii niliyoitunga: "Baada ya mafuriko, wakulima wengi wa bonde waliacha pamba wakaanza kulima mpunga, wachache waliendelea na pamba." Mkiambiwa, "Wakulima wote wa bonde waliacha pamba," jibu ni Si kweli, maana kifungu kinapinga waziwazi. Mkiambiwa, "Mpunga uliwapa wakulima faida kubwa kuliko pamba," hapo ndipo sauti hupanda. Lazima atatokea mtu wa kusema, "Kama haukuwa na faida, waliuchagua kwa nini?" Hoja yake ina akili, lakini ameitoa kichwani mwake. Huenda mpunga ulistahimili maji tu. Huenda mbegu za pamba zilisombwa. Kifungu kimenyamaza kuhusu faida, basi jibu ni Haikutajwa. Kipimo ninachowapa watu ni kimoja: anayesema Si kweli aoneshe sentensi inayogongana na dai. Akishindwa kuionesha, anyamaze. Wenye ujuzi wa mada ndio huteleza zaidi hapa. Mwanafunzi wa biolojia akipewa kifungu kuhusu nyuki, humjibu mwandishi kwa yale aliyofundishwa darasani.

Ugomvi wa pili ni wa wazo kuu. Machaguo mawili yote yanasema kweli, na kila upande unathibitisha chaguo lake kwa mstari halisi wa kifungu. Hapo kuonesha mstari hakutoshi. Ulizeni chaguo lipi linabeba aya zote. Lile linalotoka aya ya tatu peke yake ni kweli, lakini ni kweli ya aya ya tatu. Watunzi wa maswali wanaujua sana mtego huu. Kipotoshi kizuri, yaani chaguo lisilo sahihi lililowekwa kukunasa, hutengenezwa kwa maneno yaleyale ya kifungu, ilhali jibu sahihi mara nyingi husema jambo kwa maneno mengine. Kuhusu machaguo yenye "daima", "kamwe" na "pekee", mtasikia yakatwe bila kufikiri. Msikubali moja kwa moja. Yashukuni, halafu mrudi kwenye kifungu, kwa sababu wakati mwingine mwandishi mwenyewe amesema "pekee".

Namna ya kubishana nayo ina adabu yake. Kila mtu aandike jibu lake na namba ya mstari unaolibeba kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, la sivyo mwenye sauti nene ataamua na wengine watafuata. Msipige kura, wanne wanaweza kunaswa na kipotoshi kimoja. Anayebadili jibu aseme ni neno gani lililombadilisha. "Nimeona mmezidi" si sababu. Orodha ya majibu rasmi ifunguliwe mwisho, na ikiwapinga, msiishie kuguna: mmoja wenu apewe kazi ya kulitetea jibu rasmi kama lake. Hapo ndipo mtu hujifunza jinsi mtunzi anavyofikiri.

Je, mtunzi hakosei? Hukosea. Mwaka 2012, jimbo la New York liliyaondoa kwenye hesabu ya alama maswali ya kifungu kimoja cha darasa la nane, hadithi ya nanasi lililoshindana mbio na sungura. Wanafunzi waliulizwa, pamoja na mengine, mnyama yupi alikuwa na busara kuliko wote, na kifungu hakikutoa msingi thabiti wa kuamua. Mwaka 2017 mshairi mmoja wa Marekani alieleza hadharani kwamba hakuweza kujibu maswali ya mtihani yaliyotungwa juu ya mashairi yake mwenyewe. Nafurahia visa hivi, lakini naona vinatumiwa vibaya na wavivu. Kabla ya kudai swali ni bovu, oneshaneni kwamba machaguo mawili yanabebwa na kifungu kwa uzito uleule. Mara nyingi mkifika nusu ya kazi hiyo mtaona moja limelegea.

Likibaki gumu, liwekeni alama mlirudie baada ya siku chache, mgeukie linalofuata. Na kwa swali la mtihani halisi linalokunyima usingizi, ujue hili: kati ya maswali 54 ya usomaji na uandishi ya SAT ya kompyuta, manne ni ya majaribio, hayahesabiwi, na mtahiniwa haambiwi ni yapi.