Jibu: Kwa nini watu walicheka msibani?

Ndugu yangu, unauliza kama yule Mhehe aliyelala mbele ya jeneza na kudai apewe hela ndipo marehemu apite alikuwa amelewa, na kwa nini wafiwa Wangoni walicheka badala ya kumtimua. Hakuwa amelewa. Yule ni mtani, na pale alikuwa kazini.

Wahehe na Wangoni, makabila mawili ya Tanzania, walipigana vita vikali katika karne ya 19. Baadaye uadui ukageuka utani, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana, kuchukua kitu chako, hata kuigiza alivyokuwa akitembea marehemu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, wewe ndiye utakayeonekana huna adabu! Kwa upande wake, anatakiwa ashike kazi msibani: kuchota maji, kupika, pengine hata kuchimba kaburi. Ndiyo maana nasema kazini.

Angalia sasa mtu huyohuyo akiwa mbele ya mama mkwe wake. Kimya, macho chini, hata kiti hachagui. Tabia yake haikubadilika kwa dakika moja, ila nafasi aliyopewa na jamii ndiyo tofauti. Hata nyumbani ni hivyo: babu anamwita mjukuu "mke wangu" na watu wanacheka, lakini baba mtu akithubutu, kikao cha ukoo kinaitwa jioni hiyohiyo.

Mjini utani umepungua makali, naona. Ukimtania usiyemjua kwenye daladala, usitegemee kicheko.