Jibu: REU za hisabati kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni Marekani)

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini REU tatu (programu za utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza Marekani) za sayansi ya data zimekukataa ndani ya siku mbili ilhali alama zako ni nzuri. Kabla ya kulaumu insha yako, soma kipengele cha uraia kwenye masharti ya kuomba. REU hulipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, na fedha hizo ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Sisi wa F-1 hatumo. Mimi nilituma maombi nane kabla sijauona mstari huo, na profesa alikuwa ameshaniandikia barua zote za mapendekezo. Nilikuwa namkwepa kwenye korido!

Aliyenitoa ni mwalimu wa takwimu chuoni kwangu, aliyenipa kazi ya utafiti. Nilimwandikia Novemba, sentensi nne tu, nikaambatanisha programu ndogo ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) niliyosafishia data za mvua za Dodoma. Kazi ya ndani ya chuo wakati wa likizo haihitaji CPT, yaani kibali cha mwenye F-1 kufanya kazi ya mafunzo nje ya chuo. Ya malipo nje ya chuo, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, usisaini kitu.

Jaribu pia mafunzo ya utafiti ya OIST, chuo cha sayansi cha Okinawa, Japani; haibagui uraia na nauli wanalipa wao. CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi, sijawahi kuomba.